Tarehe ya Msingi

Msingi wa nyumba namba moja ulikuwa na urefu wa futi hamsini na nne, na Verlin Stauffer aliupima mara mbili kwa sababu mara ya kwanza Merritt Oosting alikuwa akimsemesha.

"Unapima nini, Verlin? Umekuja kununua?"

"Nikistaafu labda."

"Ukistaafu utakuta zimekwisha. Ziko thelathini na nane, na kumi na moja zimeshapata wenyewe."

Oosting alikuwa ameketi nyuma ya pikapu yake, miguu inaning'inia, chupa ya kahawa pembeni. Alikuwa na miaka themanini na moja na kilima chote kilikuwa chake. Mvua ilikuwa nyembamba, ile ya Aprili ambayo watu wa bonde hawahesabu kuwa ni mvua, na hakuna kati yao aliyevaa kofia ya koti. Stauffer, mpelelezi wa ofisi ya sherifu, alikunja utepe wake wa kupimia na kutoa daftari.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo kulisema. Sheria mpya ya ardhi, ile waliyoipigia kura Novemba kuzuia miji isitambae juu ya mashamba, ilianza kazi tarehe sita Desemba. Aliyekwisha kumwaga msingi kabla ya siku hiyo aliachwa aendelee na nyumba zake zote. Asiyekuwa amemwaga alibaki na nyumba tatu. Oosting alisema amemwaga tarehe nne. Chini ya kilima, Bi. Ardis Tvedt, mjane wa miaka sabini na sita, alimwandikia sherifu barua kwa kalamu ya risasi akisema kwamba yeye hupita hapo kila asubuhi na mbwa wake, na siku ya Krismasi hapakuwa na msingi, palikuwa na matope. Kisima chake kina futi arobaini na nane. Visima thelathini na nane vikichimbwa juu yake, chake kitakauka, na mwenye shamba la filbati, zile njugu za mitini, asiye na maji hana shamba.

"Nionyeshe karatasi tena," Stauffer alisema.

Oosting akamnyooshea bahasha. Ndani mlikuwa na vitu viwili. Tiketi ya lori la zege, namba imechapwa, tarehe nne Desemba. Na kadi ya mkaguzi wa majengo wa kaunti, tarehe hiyohiyo, imetiwa sahihi na Royce Hanline.

"Hanline amekufa Januari," Stauffer alisema.

"Nilikuwepo mazishini. Wewe pia ulikuwepo, ulikula nyama ya ham yote."

"Alikuja hapa siku ile kuukagua msingi?"

"Hanline msimu wa mvua alikuwa anaacha kadi zenye sahihi kwa watu anaowaamini. Tarehe unajaza mwenyewe. Kaunti nzima inalijua hilo, Verlin, usinitolee macho. Alimwachia hata baba yako alipojenga zizi."

Hilo lilikuwa kweli. Stauffer akaandika.

"Tarehe nne mto ulikuwa juu ya Barabara ya Lunder. Nililinda daraja mwenyewe siku tatu, maji yameingia kwenye buti. Hakuna gari lililopita."

"Nakumbuka. Ulimrudisha mchungaji, akakutukana."

"Sasa lori la tani thelathini lilipitaje?"

Oosting akamimina kahawa kwenye kifuniko, akanywa taratibu. "Kamuulize dereva," alisema. Hakuonekana mtu aliyebanwa.

Stauffer alikuwa anarudisha bahasha alipoona ncha ya turubai imepeperuka pembeni mwa msingi, upande wa juu. Akachuchumaa, akaifunua. Juu ya zege, karibu na ukingo, palikuwa na alama kama za vidole vya mtoto vilivyobonyezwa na kuachwa. Alihesabu kumi na saba. Ndani ya tatu bado kulikuwa na kitu cha kahawia. Akakichokoa kwa ncha ya kisu kidogo, kikavunjikavunjika kama tumbaku kavu. Kilikuwa kimezama, zege limekikumbatia pande zote. Hakikuangukia juu ya kitu kilichokwisha kukauka.

Akanyanyua macho. Hatua tatu juu yake ndipo ulipopita mpaka, na juu ya mpaka ilisimama safu ya mifilbati ya Bi. Ardis, imeanza kuchipua majani.

"Mikia," alisema.

Oosting akafunga chupa ya kahawa.

"Ni mikia ya filbati, Merritt, maua yake yale ya kuning'inia. Imeangukia kwenye zege bichi."

"Dhoruba ile ya Desemba iliangusha miti mizima. Mikia isingeanguka?"

"Ingeanguka. Lakini Desemba mkia ni mfupi, mgumu, kama kiberiti ulichokivunja katikati. Hii imefika urefu wa kidole. Imeshajifungua, imeshamwaga unga wake wa njano, ndipo ikaanguka. Hiyo ni Februari. Wewe umelima filbati kabla mimi sijaanza shule."

Mzee alitelemka kutoka kwenye pikapu, akishika mlango kwa mikono miwili, akaja kutazama. Alikuwa na desturi ya kulamba meno yake ya bandia akifikiri.

"Nilinunua hapa mwaka sitini na nane," alisema. "Sabini na tatu wakatunga sheria, wakaniambia hapa ni shamba tu, nyumba marufuku. Miaka mitatu iliyopita wakapiga kura, wakaniambia haya mzee, jenga, ulikuwepo kabla ya sheria. Mwaka jana wakapiga tena, wakaniambia usijenge. Mimi nimesimama palepale, Verlin. Sheria ndiyo inayotembea. Mke wangu Doreen hajui hata jina langu sasa, yuko kwenye nyumba ya wagonjwa huko Salem anamwita nesi mama. Nilipanga kumlipia kwa kilima hiki. Hayo wamepigia kura lini?"

"Sijui."

"Basi peleka vimkia vyako mahakamani, uwaambie majaji wavinuse."

Stauffer alipiga picha alama zote kumi na saba akiwa ameweka utepe pembeni yake. Vipande vya kahawia akavitia kwenye bahasha ndogo, akaandika saa: tatu na dakika arobaini. Alipofika kwenye gari Oosting alikuwa bado amesimama juu ya msingi, anairudisha turubai mahali pake kwa mguu.

*

Kiwanda cha zege kilikuwa nyuma ya reli. Eusebio Arreola alikuwa ndani ya pipa la lori lake, miguu tu inaonekana, anabandua zege kavu kwa nyundo ya umeme. Stauffer aligonga pipa kwa funguo mpaka kelele zikakoma.

"Ukigonga tena hivyo nitakuwa kiziwi," Arreola alisema, akitoka kinyumenyume. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mweupe kwa vumbi mpaka kwenye nyusi. "Ah, ni serikali. Samahani, bosi. Gonga tu."

"Tarehe nne Desemba ulipeleka zege kwa Oosting?"

"Nilipeleka. Tiketi si unayo?"

"Barabara ya Lunder ilikuwa chini ya maji."

"Sikupita Lunder. Nilipita kwa bibi, yule wa filbati. Oosting alimpigia simu, akaja kunifungulia lango mwenyewe. Amevaa koti la mvua la mumewe, linaburura chini kama bibi harusi. Akaniambia nishike kushoto, kulia udongo ni laini."

Stauffer aliangalia daftari lake. Neno *barabara* lilikuwa limepigiwa mstari mara mbili. Akalikata.

"Bi. Ardis Tvedt alikufungulia lango?"

"Na mbwa wake. Mbwa ana adabu kuliko wateja wengi."

"Ukafika juu?"

Arreola akafuta miwani yake ya kazi. "Tiketi inasema nilipeleka, bosi."

"Kupeleka sijakuuliza. Nakuuliza kumwaga."

"Wewe ungekuwa wakili ungekula vizuri."

Stauffer hakumhimiza. Alitembea mpaka mwisho wa uwanja, ambako matofali makubwa ya zege yalikuwa yamepangwa kama ukuta, kila moja lina urefu wa mtu aliyelala. Zege lolote linalorudi na lori humwagwa kwenye makasha ya chuma huko nyuma, likikauka wanawauzia wafugaji watenganishe malundo ya samadi. Mtu wa zamu hukwaruza tarehe kwa msumari kabla halijashika, ili wajue limekomaa lini. Siku nyingi zilikuwa na tofali moja, au hakuna. Novemba thelathini, moja. Desemba saba, moja. Yaliyoandikwa 12-4, yaani Desemba nne, Stauffer aliyahesabu kwa kuyagusa kwa kiganja. Yalikuwa tisa.

Arreola alikuwa amemfuata, mikono mifukoni.

"Haya tisa ni lori zima," Stauffer alisema.

"Lori zima kasoro beseni."

"Sasa niambie."

"Nilizama kabla ya kufika. Mpaka ekseli. Bibi akaja na trekta na mnyororo, akanivuta, na mvua ile, na umri ule. Mpaka nimetoka, zege lilikuwa limeanza kupata moto ndani, halifai tena. Nikageuza. Akanipa kahawa getini, akanipa na mkate nile njiani."

"Na Februari?"

"Februari Oosting alipiga simu ofisini. Zege lake ameshalipia, analitaka. Nikapeleka kwa Lunder, barabara kavu, dakika ishirini kazi imekwisha. Ofisi haikutoa tiketi mpya. Ile ya kwanza ilikuwa na namba yake na imelipiwa, ya pili ya nini? Ndivyo wanavyofanya kwa wateja wa zamani."

"Tarehe ngapi?"

"Hapo sikusaidii. Bila tiketi sijui. Najua ilikuwa Februari maana macho yalikuwa yananiwasha kwa ule unga wa miti. Kila mwaka lazima."

"Utayasema haya mbele ya hakimu?"

"Akiniuliza, nitasema. Mimi ni dereva, nilipeleka mara mbili. Kosa langu liko wapi?"

"Huna kosa."

"Basi mbona unaniangalia hivyo?"

Stauffer alimwambia alikuwa anawaza habari za trekta.

*

Corrine Vandehey, wakili wa kaunti, alikuwa anakula sandwichi ya samaki juu ya ramani ya mashamba. Stauffer alisimulia akiwa amesimama: mikia, matofali tisa, tiketi iliyotumika mara mbili, kadi za marehemu. Alisimulia kwa mpangilio, kama anavyotoa ushahidi mahakamani. Alipomaliza Vandehey alifuta vidole kimoja kimoja.

"Kazi safi," alisema. "Mikia kwenye zege. Sijawahi kusikia kitu kama hicho."

"Kwa hiyo kibali kinafutwa."

"Kaa, Verlin."

Akakaa.

"Kaunti ilikubali ombi la Oosting Machi kumi na nne. Mtu asiyekubaliana na uamuzi wa ardhi ana siku ishirini na moja kukata rufaa kwenye bodi ya jimbo. Si ishirini na mbili. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa, na leo ni Jumatano."

"Bi. Ardis alilalamika. Barua yake ninayo."

"Alimlalamikia sherifu. Sherifu si bodi. Barua yake imegongwa muhuri lini?"

"Machi kumi na nane."

"Na wewe ulifungua faili lini?"

Kwenye ukuta palikuwa na kalenda ya duka la matrekta. Stauffer hakuwa na haja ya kuitazama.

"Jumatatu hii. Nilikuwa na ile kesi ya wizi wa nyaya za shaba."

"Sijakulaumu."

"Mtu alikuja na ushahidi wa uongo mbele ya kaunti. Hakuna mlango mwingine?"

"Upo. Jinai. Nenda kwa mwendesha mashtaka, umshitaki mtu, umtie hatiani, halafu jaji anaweza kuombwa aufungue uamuzi upya. Miaka miwili, ukiwa na bahati. Wakati huo kuna watu wanaishi mle ndani, wamepanda waridi, watoto wana shule. Nionyeshe jaji atakayewabomolea." Alisukuma sandwichi kando. "Nilikaa miezi minne Salem, bungeni, tunaiandika sheria hii, tunabishana kila neno. Tulikaa siku mbili juu ya neno *kabla*. Hakuna aliyefikiria tiketi za zege."

"Basi nitamshitaki Oosting."

"Kwa lipi? Tiketi ni ya kweli, lori lilitoka tarehe nne. Sahihi ya Hanline ni ya kweli. Ile tarehe kwenye kadi ni tarakimu tatu za kalamu ya wino, hakuna mtaalamu atakayekuambia ni mkono wa nani. Na ombi liliandikwa na wakili wake, linasema *kwa taarifa zilizopo*. Merritt Oosting hajaapa popote."

"Kaunti haikubali ombi bila kiapo."

"Haikubali," Vandehey alisema. "Kiapo kipo. Hukukiona kwa sababu kiko kwenye faili la mipango miji, si lako."

Akafungua droo, akatoa karatasi moja iliyopigwa chapa, akaigeuza ili Stauffer aisome. Ilikuwa mistari sita. Aliyetia sahihi aliapa kwamba tarehe nne Desemba lori la zege lilipita shambani kwake likielekea kwenye eneo la Oosting, na kwamba zege hilo lilimwagwa siku hiyohiyo kwenye msingi wa nyumba namba moja. Anajua kwamba kusema uongo katika karatasi hii ni kosa la jinai. Januari kumi. Sahihi ilikuwa ya mkono wa shule za zamani, herufi zimeinama zote upande mmoja.

Ardis M. Tvedt.

"Jirani asiye na faida yoyote," Vandehey alisema. "Kwa kweli jirani mwenye hasara. Makamishna waliposoma hii hawakuuliza swali hata moja. Faili zima lina uongo mmoja tu ulioapiwa, Verlin, na ni wa kwake."

*

Mashine ya kuchimba visima ilikuwa imefika kilimani mchana ule. Ilisikika mpaka jikoni kwa Bi. Ardis, dum, dum, na kahawa kwenye kikombe cha Stauffer ilikuwa inatetemeka duara dogo katikati. Mbwa alikuwa amejibanza chini ya jiko.

"Hapendi," Bi. Ardis alisema. "Anadhani ni radi. Kula mkate. Umekonda."

"Sijakonda, Bi. Ardis."

"Basi umechakaa. Kula."

Alikula. Kwenye ukuta wa kibanda cha pampu, ambao ulionekana dirishani kwa sababu mlango ulikuwa wazi, kulikuwa na safu ya alama za kalamu ya risasi za kimo cha maji kisimani, moja kwa kila wiki, tangu mumewe Orrin alipokuwa hai.

"Kwa nini hukuniambia ulilifungulia lori lango?"

"Hukuniuliza habari za lango. Uliniuliza habari za msingi."

"Na trekta?"

"Mtu amezama kwenye matope mbele ya nyumba yangu. Nimwache?" Alikuwa amevaa aproni yenye mifuko mikubwa, na alikuwa anatoa filbati mfukoni anazivunja kwa koleo, moja moja, bila kutazama. "Nilijua lile lori limekuja kufanya nini. Nilijua tangu Merritt aliponipigia simu. Nikajisemea, kama ni haki yake atapata, kama si haki yake sheria itamzuia, lakini lango si la kumfungia mtu siku ya mafuriko. Ndipo likarudi na zege lake lote. Nikasema basi, Mungu amesikia bila mimi kuwa mbaya."

Stauffer akaweka karatasi ya Vandehey mezani.

"Hii ni sahihi yako?"

Alivaa miwani. Alisoma mistari sita mara moja, akarudia, kidole kinafuata. Mashine ilinyamaza, ikaanza tena.

"Hii ni ile ya bima," alisema.

"Bima gani?"

"Ya makorongo. Lile lori lilinichimbia makorongo mpaka magotini. Merritt akaja Januari, akasema kuna karatasi, nikisaini bima italeta kokoto. Na kokoto zilikuja, Verlin. Wiki ileile. Nenda katazame, njia yangu sasa ni nzuri kuliko ya kaunti."

"Hukuisoma?"

"Merritt alikuwa ameketi hapo ulipokaa, amevua kofia ameiweka gotini. Nivae miwani nianze kusoma karatasi mbele yake, mstari kwa mstari, kama vile nimemkamata anaiba kuku? Amelibeba jeneza la Orrin. Mama yako angeisoma?"

Stauffer alifikiri. "Asingeisoma," alisema.

"Basi."

Stauffer alimweleza. Alimweleza habari za siku ishirini na moja. Alimweleza barua yake ilikaa juu ya meza ya nani, tangu lini mpaka lini, na hakuiruka sehemu hiyo. Bi. Ardis alisikiliza mikono imetulia.

"Mimi nilidhani habari za uongo ni za sherifu," alisema.

"Ni za sherifu."

"Lakini si hizi."

"Hizi zilitakiwa ziende kwingine kwanza."

"Tulipiga kura. Nilibandika bango pale njiani, upepo ukaliangusha, nikalibandika tena. Tulishinda. Au hatukushinda?"

"Mlishinda."

"Kwa wingi?"

"Kwa wingi."

Akavunja filbati nyingine, akaitazama, ilikuwa tupu ndani. Akaiweka pembeni ya sahani.

Stauffer alifungua mkoba. Alikuwa ameandika maelezo ofisini kwa mkono wake, kurasa mbili, wino mweusi. Aliyaweka mbele ya Bi. Ardis lakini kalamu akaizuia.

"Safari hii soma kwanza. Yote. Nitasubiri."

Alisoma kwa sauti, polepole, kama anasoma mbele ya darasa. Mimi Ardis Marie Tvedt. Lori lilizama. Nililivuta kwa trekta. Lilirudi na zege lake lote. Maneno niliyoapa Januari kwamba zege lilimwagwa siku hiyo si ya kweli. Hapo alisimama.

"Hapa ninasema mimi ndiye mwongo."

"Ndiyo."

"Na Merritt aliyeileta?"

"Mlikuwa wawili jikoni. Atasema uliisoma."

"Hatasema." Alifikiri kidogo. "Wakili wake atasema."

"Ukisaini, lazima niipeleke kwa mwendesha mashtaka. Hakuna njia ya kuipeleka nusu. Anaweza kukuhurumia. Anaweza asikuhurumie, mwaka huu kuna uchaguzi."

"Nikisaini, kule juu watajenga ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Na nisiposaini?"

"Thelathini na nane. Nitafunga faili, hakuna atakayekusumbua."

Kule kilimani mashine ilikoma ghafla. Walisubiri ianze tena, haikuanza. Sauti za wanaume zikashuka na upepo, mmoja anamwita mwenzake, wengine wanacheka. Bi. Ardis aliinuka akaenda dirishani, lakini kutoka pale kilima hakionekani, kinaonekana kibanda cha pampu tu.

"Wameyapata," alisema.

"Inaelekea."

"Futi ngapi, unadhani?"

"Sijui, Bi. Ardis."

"Orrin angejua kwa sauti." Alirudi akaketi. Akavuta kurasa mbili karibu, akazipanga ukingo kwa ukingo. "Ongeza hapa chini kwamba kokoto alizileta kweli. Asije mtu akasema hata hilo sikulisema."

Stauffer aliandika mstari huo. Aliugeuzia kwake, Bi. Ardis akausoma nao, akanyoosha mkono. Stauffer akampa kalamu. Alitia sahihi palepale alipoonyeshwa, herufi zimeinama zote upande mmoja. Chini ya jina kulikuwa na nafasi iliyoachwa wazi, na Stauffer alikuwa ameshaanza kusema kwamba atajaza mwenyewe ofisini.

"Hapana," Bi. Ardis alisema. "Leo tarehe ngapi?"

"Tisa. Aprili tisa."

Aliandika bila haraka, mwezi kwa maneno, mwaka kwa tarakimu zote nne, akaupulizia wino.